Aliyeomba Chai Kasense

Mama, shikamoo kutoka Kasense, Sumbawanga, kwenye baridi ya kuumiza meno.

Jana mwenyeji wangu alinikaribisha pombe ya ulezi, nikaomba chai. Leo asubuhi balozi wa nyumba kumi kaja na daftari: "Tumeambiwa tuwe macho na magaidi. Wewe hunywi, tena umetoka Mtwara." Mgeni mwenzangu, asiye hata na kitambulisho, alimaliza vibuyu viwili, huyo hata jina hakuulizwa!

Ulinzi nautaka kuliko huyo balozi, lakini ndio ulinzi gani huu? Nikamwambia, "Basi mwandike na mjomba wangu. Magaidi walimuua shambani kwake, kando ya Ruvuma. Naye alikuwa hanywi."

Kaeni salama, mama. Kaburi lake lipalilieni mpaka nirudi.