Siku Bosi Alipofungwa Mikono

Kituoni, chumba cha wafanyakazi,
Jumatano, 9 Aprili.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na kile kikohozi cha baridi ya huko kimekuachia? Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Baba ni mzima na kelele zake ni zile zile.

Kabla moyo haujakuruka, nikuambie kwanza: Bosi yu hai. Sasa kaa, unisome taratibu.

Unajua mwanao anavyotuendesha hapa kituoni anakolelewa, ndiyo maana tunamwita Bosi. Hasemi neno, lakini kwa vidole vyake anaamua nani afue, nani anyamaze, nani aongeze sukari. Wafanyakazi wote tumejifunza ishara zile, hadi mpishi, ingawa yeye huzifanya huku ameshika mwiko na Bosi humfokea kwa macho.

Ijumaa asubuhi alikataa chai. Akagusanisha vidole vya shahada mbele ya tumbo: anaumwa. Akarudia, akarudia, jasho likimchuruzika. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akasema ni kidole tumbo, lazima apasuliwe siku hiyo hiyo. Nilikupigia simu hadi nikachoka, hukupatikana.

Nikatoka mara moja kumchukulia nguo. Niliporudi wodini nilimkuta kitandani. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda. Macho yamemtoka, vidole vinahangaika hewani kama vya mtu anayezama.

“Anachomoa dripu,” muuguzi akaniambia. “Nimeshamwekea mara mbili.”

“Dada, hiyo mikono ndiyo mdomo wake.”

Akasita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. “Nikimfungua, utamshika wewe?”

“Nitamshika.”

Akafungua mkono mmoja. Bosi alining'ang'ania shati kwanza. Kisha akaachia, akaniambia kwa ishara: Mimi. Kosa. Nini?

Alidhani anaadhibiwa, Mama Mdogo. Nikamjibu kwa ishara kuwa hana kosa lolote. Muuguzi akataka kujua amesema nini. Nilipomwambia, aliufungua mkono wa pili.

Upasuaji ulikwenda vizuri na kidonda kinakauka. Kinachonitisha ni kingine. Tangu azinduke ameificha mikono chini ya blanketi. Nikimsalimu kwa ishara, anageukia ukutani. Daktari anasema nisubiri. Nasubiri, lakini hofu haiishi: je, kama ameamini kwamba mikono yake ndiyo iliyomponza? Kama hatasema tena? Nikilala namwona amefungwa. Nikiamka namwona amenyamaza.

Leo mchana, wodini, nilikuwa nimempa mgongo, nakunja shuka. Nikasikia chuma cha kitanda kinagongwa. Nikageuka. Mkono mmoja umetoka blanketini. Akafanya ishara ya mama. Halafu ile ya lini.

Anauliza utarudi lini. Sikutaka kumdanganya kwa kumtajia siku nisiyoijua. Akaurudisha mkono chini ya blanketi.

Mama anakusalimu sana, mpishi pia. Nisalimie Mjomba, na yule shoga yako mnayekaa naye. Mungu akufunike huko uliko na akulainishie njia.

Lakini tafadhali, nijibu upesi. Nimwambie lini?

Ni mimi nikupendaye,
Mwanao wa kwa dada yako.