Tulivyopanda Longonot Bila Kutafuta Ng'ombe

Mpenzi wangu Baba Tabitha,

Jana Naliaka alinipigia simu, yule mjukuu wako mwenye miguu mirefu kama yako. Yeye na wenzake wanapanga safari ya gari na ya miguu kuanzia hapa Nakuru. Wanataka watembee kwenye mbuga moja mpaka wachoke, walale, waamkie nyingine, hivyo hivyo hadi Aberdare. Akaniuliza, "Nyanya, wewe na babu mlianzia wapi?"

Nikamwambia tulianzia jikoni, na mimi nikiwa sitaki. Alicheka sana, akafikiri ni mzaha. Baada ya simu nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa, nikaona kwamba kuna maneno ambayo si ya Naliaka. Ni yako. Nayaandika leo kabla mikono haijaanza kunitetemeka tena.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa Bondeni, chumba na kajiko kadogo, mwishoni mwa ile miaka ya hamsini. Hali ya hatari ya wakoloni ilikuwa haijaondolewa, lakini watu walikuwa wameanza kupumua kidogo. Wewe ulikuwa fundi wa magari kwenye gereji ya yule Mhindi karibu na stesheni. Binti yetu wa kwanza, Tabitha, alichukuliwa na surua mwaka huo, tukamzika hapa hapa Nakuru kwa sababu kumfikisha nyumbani Bungoma haikuwezekana.

Baada ya hapo sikutoka nje. Maji ulichota wewe asubuhi kabla ya kazi, mboga aliniletea Mama Chebet, jirani yetu. Kilichoniumiza zaidi sikukisema kwa mtu. Watu waliacha kuniita Mama Tabitha. Sijui kama ilikuwa huruma au waliogopa lile jina. Waliniita "dada", wakaniita "wewe mama", na wengine hawakuniita kitu, walikohoa tu mlangoni. Hata wewe ulianza kuniita kwa jina langu la usichana, kama kwamba tumekutana jana.

Na wewe hukulia. Siku ya mazishi ulishika sepetu pamoja na wanaume wengine, ukawashukuru waliokuja, na Jumatatu ukarudi gereji. Jioni ulikula ugali wako kimya kimya. Nilikuwa nakutazama ukila, nikijiuliza nimeolewa na mtu wa aina gani.

Halafu ukaja ile jioni ya mkaa. Nilikuwa nimejilazimisha kupiga deki, sakafu bado ina unyevu, nawe ukaingia na viatu vyako vya grisi, ukachukua kipande cha mkaa jikoni, ukapiga magoti na kuanza kuchora kwenye saruji. Nilikuuliza kama umepatwa na wazimu. Ulichora mduara, ukasema hapo ni Menengai, tutaanza hapo ili miguu izoee. Ukachora ziwa Elmenteita. Ukachora lile korongo la Njorowa kule Naivasha, ambalo wazungu walikuwa wanaliita Hell's Gate. Ukachora Longonot. Mwisho ukaenda mpaka karibu na mlango, ukachora Aberdare, ile mbuga ya serikali, na kusema huko tutamaliza kwa kutazama tembo.

Ulikuwa umepata likizo, na tajiri wako, yule Mhindi, alikuwa amekubali kukuachia pikapu ya gereji kwa kuwa wewe ndiye uliyeifufua ilipokuwa chuma chakavu. Ulinihadithia alivyokushangaa. "Wewe nakwenda panda mlima? Huko juu iko kazi gani?" Ulimwambia hakuna kazi, unataka kutembea na mke wako. Akatikisa kichwa, akakupa ufunguo.

Siku zile mtu wetu hakupanda mlima bila sababu. Alipanda akitafuta kuni, au mbuzi aliyepotea, au akimkimbia mtu. Kwenda juu na kushuka tu ilikuwa ni mambo ya wazungu na soksi zao ndefu. Mama Chebet aliposikia alikuja mbio kunionya kwamba Menengai ina mashetani, wanachukua watu na kuwarudisha wakiwa hawajui majina yao. Nilimwambia kwamba mimi tayari niko hivyo. Aliniangalia, akaondoka bila kuaga.

Kila jioni ulikuwa unarudi na jambo la safari. Ulinikatia akala kutoka kwenye tairi la lori, ukazipimia miguuni mwangu mara mbili, ukasema njia ya Longonot ni vumbi la majivu ya volkano, inateleza. Uliuliza watu wa maroli barabara iko vipi pale Gilgil. Na Aberdare uliifuta mwenyewe kwa kidole cha mguu, baada ya askari mmoja aliyeleta gari gereji kukuambia kwamba msitu ule bado haujafunguliwa kwa watu kama sisi. Uliifuta polepole, ukasema, "Hii tutaiweka akiba." Mimi nilikuwa sijakubali kwenda. Sikukubali hata siku moja. Ila ile asubuhi ulipowasha pikapu nje, nilichoka kukataa, nikavaa akala zangu na kupanda.

Nakushukuru kwamba hukunisemesha sana. Menengai tulitembea ukingoni na upepo ukitupiga, nikaona lile shimo kubwa chini yetu na moshi mwembamba ukitoka kwenye mawe, na sikuhisi chochote isipokuwa magoti yangu. Elmenteita tulivua viatu tukatembea kwenye ule udongo mweupe wa kando ya ziwa, flamingo wakisogea mbele yetu kila tulipowakaribia. Pale ulinunua viazi vitamu vya kuchemsha, nikala viwili, nawe ukajifanya hujaona. Njorowa tulipita kati ya zile kuta za mawe, maji ya moto yakidondoka kama chai, pundamilia wakitutazama kwa dharau. Nilitembea nyuma yako. Usiku nililala kama gogo. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kulala hivyo.

Longonot tuliacha pikapu pale stesheni, kwa pointsman mmoja Mkisii, mgeuza njia za reli, aliyekubali kuiangalia, tukaanza kupanda kukiwa na baridi bado. Nakumbuka harufu ya vichaka vya leleshwa. Nakumbuka nilikupita katikati ya njia, nawe ukasema kwa nyuma, "Leo nani anamfuata nani?" Ilikuwa mara ya kwanza mdomo wangu kutaka kucheka, nikauzuia.

Tulipofika juu tulichungulia chini. Ndani ya lile shimo kuna msitu mzima, kijani kibichi, kama kwamba mtu ameuficha. Ukasema tuzunguke ukingo wote mpaka turudi tulipoanzia. Tulikuwa bado hatujafika mbali njia ilipokuwa nyembamba, majivu yakaporomoka chini yako, ukaanguka ukabiringika hadi kichakani. Niliposhuka nikakukuta umekaa, mguu wa kushoto umeelekea upande usio wake. Ulijaribu kusimama, ukashindwa. Nikakukalisha, nikaanza kuufunga na leso yangu.

Ndipo ukaanza kulia. Mwanzo nilidhani ni maumivu, nikakuambia uvumilie, nitaufunga polepole.

"Si mguu," ukasema.

"Ni nini basi?"

Mabega yako yalikuwa yanatikisika kama injini mbovu. Kisha ukasema, "Alikuwa ameanza kutembea. Ananishika vidole viwili, tunaenda mpaka bombani. Nilimwambia miguu ikikomaa nitampeleka Menengai. Nilimwambia, Mama Tabitha. Nilimwahidi mtoto."

Nilikaa chini kwenye majivu. Nilikuwa sijui. Ule muda wa jioni mlipokuwa mnaenda bombani mimi nilikuwa napika, nikiwasikia mkicheka huko nje, wala sikujua mnaahidiana nini. Nilikuwa nimefikiri safari hii ni dawa uliyonitafutia mimi, na ndiyo sababu niliikasirikia. Kumbe na wewe ulikuwa unaumwa, na hukujua pa kwenda isipokuwa kule ulikomwahidi yeye. Nikakushika kichwa chako kifuani mwangu, na mimi nikalia. Tulilia kwa sauti, watu wazima wawili kwenye ukingo wa mlima, hakuna wa kutuambia tunyamaze. Sijui tulikaa pale muda gani. Jua lilikuwa limeshakuwa kali nilipokuambia, "Inuka, Baba Tabitha. Mlima huu hautatushusha wenyewe."

Nilikata tawi la kukuegemeza upande mmoja, upande mwingine nikaweka bega langu. Wewe ulikuwa mzito, Mungu anajua. Mimi niliyekuwa siwezi kubeba debe la maji nilikushusha Longonot nzima, tukikaa na kuinuka, tukikaa na kuinuka, mara nyingine ukiteleza kwa makalio kama mtoto. Ulikuwa unaomba msamaha kila tulipokaa, mpaka nikakukataza.

Chini tulikutana na mama mmoja wa Kimasai akitoka kuteka maji na punda wake. Aliutazama mguu, akaubonyeza, wewe ukapiga kelele, akatikisa kichwa kuonyesha haujavunjika. Kisha akatuuliza kwa Kiswahili chake kidogo kama tumepata ng'ombe wetu.

"Hatukuwa tunatafuta ng'ombe, mama," nikamwambia. "Tulikuwa tunatembea tu."

Aliangalia juu ya mlima, akaangalia mguu wako, akacheka mpaka akashika punda asianguke. Hapo ndipo na mimi nilicheka. Nilicheka kicheko ambacho kilikuwa kimenikwama tangu mazishi, na wewe juu ya mguu wako mmoja ukacheka, na yule mama akatua maji yake, akakupandisha kwenye punda mpaka stesheni. Hakutaka chochote ila akala zangu, alizipenda. Nilimpa. Nilienda zile hatua za mwisho pekupeku na sikujali.

Yule pointsman na mke wake walitulaza, wakakukanda na maji ya chumvi. Kulipokucha mguu ulikuwa umefura, na pikapu ya watu ilitakiwa irudi. Nakumbuka ulivyokaa kwenye usukani ukiitazama klachi kama adui. Kisha ukaniambia nisogee, nikae nikigusana nawe. Mguu wako wa kulia ulifanya kazi yake, na klachi nikaikanyaga mimi. Ukisema "sasa", nakanyaga. Ukisema "achia", naachia. Pale Naivasha gari liliruka kama sungura, ukanifokea, nikakufokea. Tulipofika Gilgil hukuhitaji kusema tena. Nilikuwa nausikia mlio wa injini mwenyewe, na mguu wangu unajua. Tuliingia Nakuru hivyo, watu wawili wakiendesha gari moja, tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mama Chebet alikuwa wa kwanza kutoka. Alikuona ukichechemea, akaanza kulaumu mashetani. Nikamwambia kitu kimoja mbele ya wanawake wote waliokuwa bombani: kwamba nina mtoto, anaitwa Tabitha, amelala kule makaburini, na mtu akiniita aniite kwa jina lake. Alinishika mkono akasema, "Karibu nyumbani, Mama Tabitha." Kesho yake nilienda kuchota maji mwenyewe.

Ulinipa watoto wengine watatu, nao wote walikua wakijua kwamba wao si wa kwanza. Ulihakikisha hivyo. Kila likizo tulitembea mahali. Uhuru ulipokuja tulikwenda Aberdare, tukaona tembo wako, nikakuambia wananuka. Njorowa na Longonot zikawa mbuga za taifa, zikawekewa geti, nawe ukapanga foleni ukilalamika kwamba wewe ulipanda bure. Mara ya mwisho kupanda Longonot ulikuwa na mvi, na ukazunguka ukingo wote, mimi mbele, wewe nyuma.

Nilipokuzika majira ya baridi yaliyopita, wanangu waliogopa nitajifungia tena kama zamani walivyosimuliwa. Sikujifungia. Nilikulilia mbele ya watu, kwa sauti, hadi mchungaji akanyamaza aningoje. Nilijifunza wapi kufanya hivyo kama si kwako? Naliaka ananiona mwenye nguvu. Nguvu hizi hazikutoka kwenye kupanda, ingawa kupanda ni kuzuri. Wanaume wa umri wako waliwazika watoto wao wakarudi kazini, wake zao wakabaki na msiba peke yao mpaka wakazeeka nao. Nawafahamu. Nimekaa nao kanisani miaka yote hii. Mimi sikubaki peke yangu.

Watoto wako wazima. Naliaka nimemwambia aanzie Menengai, miguu izoee.

Pumzika, mume wangu. Nakushukuru kwa pikapu, na viazi, na kila mlima ulionipandisha. Lakini zaidi ya yote nakushukuru kwamba siku ile, kwenye yale majivu, ulilia mbele yangu.

Mkeo