Makala Yasiyo na Moshi

Mujukulu wangu Mbuyi,

Huku Musonoi tuko. Mama yako yuko muzuri. Magoti yangu tu inakataa hii baridi.

Kwa simu ulinieleza namna gazi yenye inazaa nyota kwenye galaksi za jirani haionekani, na antene zenu kubwa za radio zinaitambua kwa sababu ya gazi ingine, monoxyde, yenye imechanganyika nayo. Kisha ukauliza: «Nkambo, mbona umenyamaza?»

Sababu ni hii: ilikuwa wakati wa Zaïre, mwezi wa baridi. Yaya wangu Kapinga, dada yangu mukubwa, alikuwa amezaa. Mama yetu aliacha mbabula, jiko ya makaa, nje mpaka makala yote ikakuwa nyekundu, kama kila mutu alivyofanya, ndiyo akaiingiza chumbani kwa Kapinga na mutoto. «Moshi imeisha,» akasema. «Mufunge mulango, mutoto asisikie baridi.»

Asubuhi tuliita. Hakuna aliyeitika, hata mutoto.

Docteur ndiye alitutajia monoxyde: gazi ya makala yenye haionekani wala hainuki, ndiyo iliwaua. Mama hakugusa tena mbabula, hata ya kupika.

Sisi ile gazi haikutuambia kitu. Kama kwako inasema pahali kwenye nyota zinazaliwa, uisikilize muzuri. Na dirisha yako usifunge yote.

Nkambo wako