Taa za Ukutani Siku ya Posa

Liuli, Jumapili

Mdogo wangu Salvatory,

Kwanza nakujulia hali. Natumaini baridi ya Kitura imekuacha salama na kifua kimetulia. Sisi huku ziwani wazima, ila shemeji yako Ottilia bado anafagia wadudu.

Umeuliza posa ya mwanangu Devotha iliendaje, na sebuleni kwako uweke taa za ukutani zenye mwanga kiasi gani. Maswali mawili, jibu moja.

Nilitaka wageni wakute sebule inang'aa. Nikakumbuka balbu zetu za zamani za wati arobaini, nikanunua nne za wati hizo hizo dukani kwa Sadiki. Akaniuliza kama nimeanza kuvua usipa, wale dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa kali. Elewa, mdogo wangu: wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaotoka. Balbu za sasa, kwa wati zile zile, hutoa mwanga mara kumi.

Wageni walifika jioni, wakaketi wamekunja nyuso kama wenye kesi. Nkungu, vile vijidudu vinavyosimama ziwani kama moshi, wakaziona taa zetu. Ottilia alisema tufunge madirisha, nikakataa kwa ajili ya joto. Mshenga, Mzee Ildefonce wa Kingerikiti, akafungua kinywa kuomba mchumba, akameza nkungu. Akaanza upya, akameza tena. Katika ukoo wao, mshenga akikatika maneno mara ya tatu, huchukua kofia na posa hungoja mwaka mwingine. Akaniambia taratibu, "Mwalimu, hapa tunaposa au tunahojiwa?" Kofia ilikuwa tayari mkononi.

Hapo umeme ukakatika. Ottilia akaleta chemli, nkungu wakahama, nyuso zikakunjuka. Mzee akaongea kama maji ya mto. Nikasema tumekubali, na papo hapo umeme ukarudi. Mzee hadi leo anasimulia kwamba ni ishara ya mbinguni.

Sijamwambia kwamba kwa jirani taa hazikuzimika hata kidogo. Nilipotoka sebuleni nilimkuta Devotha juu ya kigoda, mkono ungali kwenye swichi kuu. Akaniamkia, "Shikamoo baba," kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Basi nunua za lumeni mia tatu, za rangi ya manjano, zenye kifuniko. Na swichi kuu usiiweke juu sana; nawe una mabinti.

Ottilia anawasalimu nyote, mkeo Winifrida hasa.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Pankras