Jengo Litahifadhiwa

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje baada ya ile dawa ya kuchua? Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la ofisini hakijaniacha.

Nina jambo, na usije juu kabla hujafika chini ya barua. Kampuni ninayoichorea ramani imepewa kazi ya kuijenga upya ile sinema ya barabara kuu. Ndiyo, yetu, na wewe ukiwa ndani yake. Kila kitu kiko tayari isipokuwa saini moja, yako. Ile karatasi aliyokuachia marehemu mwenye sinema, kwamba chumba cha nyuma ya dirisha la tiketi ni chako hadi mwisho wa uhai wako, imewakaa kooni. Wamejua mimi ni binti yako, wakaniomba nikuandikie.

Binti yako,
Nukta

19 Februari

Mwanangu Nukta,

Marahaba. Goti linapanda ngazi za chumba cha mashine mara moja kwa siku, halitaki zaidi. Hicho kikohozi kinywee maji ya moto, na ufungue dirisha.

Barua nimeisoma hadi chini, ndipo nikaja juu. Kabla ya hao wako wamekuja wengine mara tatu, na tai zao. Niliwapa kiti nikawanyima saini.

Miaka kumi na tisa haijaonyeshwa picha humu, lakini kila asubuhi nafagia safu zote na mashine zote mbili za picha nazitia mafuta. Watu wa mtaani wananiona nimepungukiwa. Wewe unajua. Ulikulia juu ya kreti katika chumba kile cha mashine, kazi yako kutazama pembe ya picha. Lile doa dogo la kuonya kwamba mkanda unakwisha likitokea unaita "nukta", nami nawasha mashine ya pili kabla mkanda wa kwanza haujaisha. Hatukuwahi kuwaachia watu kitambaa cheupe, hata wiki aliyofariki mama yako.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, si wao: wataivunja?

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo tena. Nilifungua dirisha, kikohozi kimepungua.

Swali lako nimelifikisha kwa bosi. Jibu limo kwenye mkataba, kifungu cha sita: jengo litahifadhiwa. Nimelisoma kwa macho yangu. Wakati wa ujenzi utakaa kwa shangazi, kisha utakuja kuona. Wameniahidi kazi hii ikipita nitakuwa msimamizi wa michoro, mwanamke wa kwanza pale.

Fomu imo ndani ya bahasha. Weka saini penye alama ya penseli.

Binti yako,
Nukta

15 Machi

Nukta wangu,

Marahaba, na hongera kabla ya wakati. Saini nimeweka penye alama. Fomu sikuisoma, maandishi yake kama sisimizi na miwani yangu imekatika mkono. Barua yako nimeisoma mara mbili, inatosha.

Mashine nimezifunika kwa shuka la mama yako, lile la maua, vumbi la mafundi lisiziingie. Funguo nimemkabidhi fundi wao mkuu, na nimemwonyesha ile ngazi ya tatu inayoteleza asije akavunjika.

Shangazi yako anakusalimu. Anasema kwenye picha umekonda.

Baba yako

11 Mei

Nukta,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu, na nimeanza kuogopa kile kikohozi. Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako

9 Juni

Kwa Mpangaji wa Zamani,

Unaarifiwa kwamba mali chakavu iliyokutwa katika chumba cha juu, yaani mashine mbili, kreti moja na shuka moja, imeondolewa eneo la ujenzi kwa mujibu wa fomu uliyoitia saini.

Msimamizi wa Michoro

(Baba, samahani, barua hizi zinatoka ofisini zikiwa hivyo. Mimi mzima. Nitakuandikia vizuri. N.)

30 Juni

Nukta,

Nashukuru u mzima. Mengine sijui niyashukuru vipi.

Jana nilikwenda barabara kuu. Kwa mbele kila kitu kipo, jina, ngazi, dirisha la tiketi. Nikafurahi, nikamsalimu kila mtu. Nikasukuma mlango nikaona mbingu, na chini shimo. Ukuta wa mbele peke yake umesimama, umeegemezwa kwa vyuma kwa nyuma. Fundi mkuu akanishika mkono nisitumbukie. Akaniambia, "Mzee, si wamelihifadhi? Uso wake si huo hapo?"

Tangu lini mtu akiambiwa ahifadhi chakula akahifadhi sahani? Nataka neno moja tu. Ulijua?

Baba yako

22 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Nilijua.

Ofisini kwetu kuhifadhi ni kubakiza uso wa jengo, na nyuma kujenga maduka. Nilipoliandika lile neno nilijua wewe utalisikiaje, nikaliacha vilevile. Nilijiambia sijadanganya. Tangu siku hiyo nilishindwa kukuandikia, kwa aibu. Mashine nimezitafuta kwa wauza vyuma, nimeambiwa zimeshayeyushwa.

Dirisha la tiketi nililipigania mimi wasiliguse. Ufunguzi ni mwezi wa Desemba. Nataka uketi mstari wa mbele, pembeni yangu. Nijibu, baba, hata kwa matusi.

Binti yako,
Nukta

10 Agosti

Kwa Msimamizi wa Michoro,

Mimi mzima. Goti halina ngazi za kupanda tena, linapumzika.

Barua imefika. Umesema kweli, na kweli hiyo ingenitosha mwezi wa Machi. Ungesema, "Baba, wataivunja, lakini nataka kile cheo," ningekutukana siku mbili na ya tatu ningeweka saini. Sinema ni mbao na mabati, na mwombaji angekuwa mwanangu. Hukuniomba. Ulinipita kwa neno.

Desemba sitakuja. Miaka yote ile tuliyokuwa wawili chumbani doa halikutupita hata moja. Hili limenipita. Nilikuwa nashughulika na mashine, na kuita ilikuwa kazi yako.

Mpangaji wa Zamani