Meza ya Marehemu Mashoto

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeweka mkono. Leo baada ya adhuhuri, nyumbani kwa marehemu Mashoto, mbele ya mjane wake na Mwalimu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakusanyaji wa vitu vya kale. Ile meza ya kuandikia, yenye mfuniko wa kukunja na droo pande zote mbili, sasa ni yangu.

Kwetu hatuandikiani. Mtu akishaweka kiganja juu ya kitu na kusema "Nimechukua", amenunua. Mwenye kitu hamsikilizi mwingine tena, na mnunuzi harudi nyuma. Aliyewahi kurudi nyuma tunamjua sote. Hatumtukani. Hatumwaliki tu.

Bwana Miwani, mwenzetu wa kikundi anayenunua na kuuza, akafika anatweta — kachelewa! Akasema yeye angeongeza bei. Shemeji — ndivyo nimwitavyo mjane — akamjibu kwamba mkono wa mzee umeshakaa, labda naye aje aukalie. Tukacheka. Nadhani ni kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu maziko.

Sikuvuta droo hata moja. Mimi, mkaguzi wa kikundi, ambaye kila siku huwaambia wenzangu: pindua kwanza, sifu baadaye! Lakini kupekua samani ya rafiki ilhali kanzu yake ingali imetundikwa nyuma ya mlango — niliona ni utovu wa adabu. Na meza yenyewe naijua. Mashoto alitusimulia asili yake kwa kinywa chake, kiganja juu ya mbao, kama ilivyo desturi yetu. Ya karani wa mahakama ya zamani, alisema. Tuliamini. Msimulizi akishaweka kiganja, maneno yake ndiyo hati.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wachukuzi wameileta. Imekaa chini ya dirisha, mahali palipokuwa na cherehani ya mama watoto, Mungu amrehemu. Chumba kimepata uso.

Binti yangu alipiga simu. "Meza tena, Baba? Sasa utalala wapi, ndani ya droo?" Nikamwambia droo ni ndogo, nitaingiza miguu tu. Akacheka, kisha akauliza kama nimekula. Nimekula, nilisema. Ilikuwa kweli, ingawa ni mkate wa jana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimerudi kutoka msikitini nikiwa na furaha ya kuipaka nta. Nikazitoa droo zote nikazipanga mkekani.

Innalillahi.

Mbao za nje ni kuukuu kweli. Ni za milango. Tundu la bawaba limezibwa na kupakwa rangi kwa ufundi mkubwa. Lakini ubavuni, ndani, pasipofika jicho la mgeni, mbao ni mpya. Hazina hata umri wa mjukuu wangu. Na mikwaruzo ya randa imelala upande wa kinyume. Fundi wa mkono wa kulia hawezi kuilaza hivyo hata akitaka. Jioni ngapi nimekaa katika karakana ya Mashoto nikimtazama akiranda rafu za vitabu kwa mkono wake wa shoto, tukizungumza habari za dunia na akhera?

Aliiunda yeye. Kisha akaweka kiganja juu yake, akatusimulia habari za karani.

Nimeswali alasiri nikakosea hesabu ya rakaa. Nikaanza upya.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimefikiri kama nilivyofundishwa kufikiri, jambo baada ya jambo.

Kurudisha meza? Nitaulizwa sababu. Nikinyamaza, nitakuwa mzee aliyeweka mkono akauondoa. Nikisema, jina la marehemu linachafuliwa naye hayupo kujitetea. Basi meza inabaki. Neno langu nililitoa kwa mjane, sikulitoa kwa mbao. Hapo sina shida.

Shida ni Jumapili ya tarehe 26. Mnunuzi huwakaribisha wenzake, huweka kiganja, husimulia asili. Nisimulie nini? Uongo niliourithi?

Nilitoka kumtazama shemeji. Sikufika mlangoni. Paa lake la nyuma lote limeezuliwa, mafundi wako juu. Akaniona kutoka uani, akapaza sauti: "Shemeji! Tazama mkono wako unavyoezeka nyumba!" Mafundi wakanipungia. Nami nikawapungia. Nimerudi.

Jumapili, 19 Oktoba

Hakuna aliyepiga simu. Wala mimi sikumpigia mtu. Mtu ambaye ningemwendea kwa ushauri katika jambo hili ni Mashoto.

Jumatano, 22 Oktoba

Bwana Miwani amekuja, na chungwa kwenye mfuko kama anayemjulia hali mgonjwa. Akaizunguka meza mara kadhaa. Droo hakuzigusa — nilikuwa nimekaa mbele yake.

Anasema ana mtu wake, mgeni tajiri. Mimi nisimulie tu Jumapili kama marehemu alivyosimulia, kisha keshoye nimuuzie yeye. "Mzee wangu, huyo mtu hanunui mbao. Ananunua kauli yako. Wewe ukisema ni ya kale, nani atabisha?"

Nikamwambia meza hii haitatoka nyumbani humu kwa kauli yangu.

"Ah! Umeipenda kiasi hicho? Basi ioe!"

Alipokwenda zake nikagundua kwamba nilitamani abaki. Hata yeye. Chungwa nimelila peke yangu, lilikuwa tamu.

Na niseme kweli, kwa kuwa hapa hapana wa kunisikia isipokuwa Anayesikia yote: nilijaribiwa. Si kwa ajili ya bei. Ingekuwa rahisi tu! Maneno yamekwisha tungwa, watu wamekwisha yaamini, aliyeyatunga ametangulia. Ningeyarudia kama aitikiaye dua.

Jumapili, 26 Oktoba

Walikuja wote. Viti havikutosha, nikaazima benchi kwa jirani. Muda mrefu sebule hii haikuwa na sauti za watu namna hii. Mmoja alikuwa na masihara yake kuhusu mkeka wangu, eti nao ni wa kale, tuweke mkono. Nilijihisi kijana.

Kisha Mwalimu akasema, haya, tusikie.

Nikaweka kiganja. Nikasema: "Meza hii nimeinunua kwa hiari yangu, na bei yake nimeridhia, na sirudi nyuma. Lakini si ya kale. Imeundwa karibuni kwa mbao za milango. Zaidi ya hapo sisemi."

Vijiko vikawekwa kwenye visahani.

Bwana Miwani ndiye aliyeanza. Kwa hiyo marehemu alitupiga changa la macho? Nikamjibu kwamba marehemu hayumo katika maneno yangu. Aliyeweka mkono bila kuvuta droo ni mimi. "Basi jicho limezeeka, mzee," akasema, na mtu mmoja akacheka, kisha akaona aibu, akakohoa.

Mwalimu alinishika bega mlangoni. Mtu mwema. Akasema kwa upole kwamba vitu vya kukaguliwa mwezi huu atavipeleka kwa mwingine, nipumzike kidogo. Nikasema ahsante. Nilisema ahsante!

Vikombe vingi vimebaki nusu. Benchi nimelirudisha mwenyewe.

Alhamisi, 30 Oktoba

Zamani wiki haikupita bila mtu kubisha, na kitu amekifunga kwenye gazeti: mzee, hebu kitazame hiki. Wiki hii, kimya.

Sijuti. Nimeandika neno hilo na nimelitazama kwa muda. Sijuti. Ila nilidhani mtu akisema kweli hupata utulivu fulani. Nimepata kimya, na nilikuwa sijui kwamba ni vitu viwili mbalimbali.

Binti yangu: "Baba, njoo ukae nasi, watoto wanakuulizia." Nikasema inshallah. Akasema, hiyo inshallah yako naijua mimi.

Jumamosi, 1 Novemba

Naandika nikiwa juu ya msala. Shemeji yuko sebuleni.

Alibisha baada ya alasiri. Maneno yamemfikia — yasingeacha. Hakutaka kukaa kwenye kiti nilichomwonyesha. Amekaa mbele ya meza. Ameukunja mfuniko na kuukunjua, kama alivyokuwa akimwona mumewe akifanya. Hakuomba radhi, wala hakutaja kurudisha kitu, na nashukuru kwa hilo. Paa lake limekwisha.

Aliniuliza neno moja tu. "Shemeji, wanasema meza si ya kale. Sitaki habari zao, wale hata chai yangu hawajui kuinywa bila kusengenya. Nakuuliza wewe, kama ndugu. Mume wangu alijua?"

Nikasema niswali kwanza, wakati umeingia. Akasema swali, sina haraka, nyumbani hakuna anayeningoja.

Nimekwisha kuswali. Nimemaliza na dua. Namsikia akivisogeza vikombe, amevikuta jikoni mwenyewe bila kuuliza. Anaimba kitu kwa sauti ya chini. Hatua za mtu mwingine katika nyumba hii! Nilikuwa nimesahau kwamba sakafu ile hulia karibu na mlango.

Jibu ninalo. Kwa watu nilinyamaza, na haikuwa uongo. Yeye ameuliza, na aulizaye kama ndugu hujibiwa kama ndugu, sitamdanganya. Lakini nikishamjibu, mume atakuwa amemfia mara ya pili, na mimi ndiye niliyemzika. Atafunga mfuniko huo, ataaga kwa heshima, na hatakuwa na sababu ya kubisha hapa tena.

"Shemeji, chai inapoa!"

Nimeitika. Sijasimama.