Mstari wa Kwanza wa Mama Ndunguru

Jumatano jioni, Mbinga

Kumbe ni salamu! Wiki tatu dashibodi ya kahawa, ule ukurasa wa kompyuta unaoonyesha kilo za kila kituo, inagoma kujisasisha saa moja asubuhi, nami nalaumu mtandao, nalaumu umeme, hata fundi wa watu nimemgombeza bure. Ikigoma, meneja hajui lori liende kuchukua mzigo kituo kipi, na kahawa ya wakulima inabaki imelundikana.

Leo nimefungua mwenyewe jedwali linalotumwa kila siku kutoka kituo cha Litembo. Mstari wa kwanza mfumo unatarajia majina ya safu: tarehe, mkulima, kilo. Mama Ndunguru, karani mpya niliyemfundisha siku ile mama yangu alipolazwa hospitali, ameandika hapo: "Habari za huko mwanangu. Sisi wazima, baridi tu."

Nikampigia, hasira zimenijaa. "Shikamoo mama. Naomba uwe unatuma namba peke yake."

"Marahaba. Namba peke yake? Kwani tumegombana?"

Nikamuaga, nikakata simu. Nikauambia mfumo uruke mstari wa kwanza wa Litembo. Dakika mbili tu, ukakubali.

Kisha nikafungua majedwali yake ya nyuma, moja moja. "Mama ameamkaje?" "Ameshatoka hospitali?" "Mbona kimya mwanangu, au..." Hakumalizia.

Na mimi wiki tatu hizi nanung'unika kwamba kazini hakuna hata mmoja anayemuulizia mama.

Kesho, kabla ya kugusa namba yoyote, nitampigia Mama Ndunguru nimwambie kwamba leo mama amekunywa uji, kamaliza kikombe.